Kabla hujaleta chombo cha umeme nyumbani, uliza kwanza LUKU ni ya nani

Nilikuwa kimya kidogo, si kwa kupenda, ni mambo ya kutafuta mkate. Leo nakuja na hii habari ya magari na pikipiki za umeme, maana naona kila mtu anaiongelea kana kwamba ni suala la kuwa na hela ya kununua chombo tu. Ukishakuwa nacho, eti unachomeka ukutani kama simu, asubuhi unaondoka. Jamani, ingekuwa hivyo Igogo tusingekaa kikao cha usiku mpaka saa sita.

Nianze na hicho kikao.

Mimi napanga uani kwenye nyumba moja hapa Igogo, juu mlimani, kule ambako gari halifiki. Tupo kaya sita, LUKU moja. Utaratibu wetu ni ule mnaoujua: tunachanga, tunanunua umeme wa elfu 10, unaingia uniti 28 na pointi. Kwa matumizi yetu (taa, tivii tatu, friji moja ya mama muuza barafu, simu, pasi ya Jumapili) zinakwenda siku nne. Uniti 7 kwa siku, nyumba nzima. Huo mwendo ulikuwa wa muda mrefu na hakuna aliyekuwa analalamika sana, ukiacha ile kawaida ya mtu kusema friji ndiyo inakula.

Basi jirani yangu mmoja, dereva wa bodaboda, akapata pikipiki ya umeme kwa mkataba. Pikipiki yenyewe inalala chini barabarani kwa mlinzi, maana kuipandisha kwenye mawe haya ni kazi. Lakini betri inachomoka. Kila jioni anaibeba begani kama gunia la mkaa, anaiingiza chumbani, anachomeka. Mchana anarudi tena, anachomeka mara ya pili. Wiki ya kwanza LUKU ikaisha siku ya pili. Tukasema labda token ilikosewa. Ya pili ikaisha siku ya pili tena. Hapo ndipo kikao kikaitishwa, na mimi kwa kuwa eti ndiye msomi wa fomu foo niliyebaki uani bila kazi, nikapewa kalamu.

Nikaenda kusoma kibandiko cha betri. Imeandikwa volti 72, ampea 40 kwa saa. Zidisha: wati 2,880 kwa saa, yaani karibu uniti 2.9. Lakini chaja nayo inapata joto, na joto hilo ni umeme unaolipia, kwa hiyo weka 3.4 kwa kuchaji mara moja. Mara mbili kwa siku ni uniti 6.8. Mtu mmoja anatumia sawasawa na kaya sita! Mama wa friji alipiga kigelegele, nadhani kwa kufurahi kwamba safari hii si yeye.

Sasa msikimbilie kumlaumu jamaa. Nikafanya na hesabu ya upande wake. Kwa pikipiki ya petroli alikuwa anaweka lita tatu kwa siku. Weka lita ni 3,000 kwa hesabu rahisi, hiyo ni elfu 9 kila siku. Umeme wa uniti 6.8 kwa bei tunayokatwa sisi, 356 kwa uniti ukishajumlisha VAT na makato ya REA na EWURA, ni kama 2,420. Kwa siku 26 za kazi petroli ingemla 234,000, umeme ni elfu 63. Tofauti ni laki moja na elfu sabini kwa mwezi. Hiyo ni ada ya mtoto, ni kodi ya chumba. Mimi ningekuwa yeye nami ningebeba betri begani.

Kwa hiyo chombo chenyewe si tatizo. Shida ni kwamba nyumba zetu hazijaandaliwa, na ninaposema kuandaa nyumba simaanishi rangi na kile kiboksi cha kuchajia ukutani mnachokiona YouTube. Namaanisha kwanza mita.

Hapa kuna jambo ambalo hata mimi sikulijua mpaka nilipopiga hesabu. Kwenye bei za EWURA za mwaka 2016 kuna daraja la D1, la matumizi madogo ya nyumbani, uniti ni shilingi 100 (na makato inafika 122) mradi usipite uniti 75 kwa mwezi. Ukiwa unazidi mara kwa mara unaingia T1, uniti ni 292, na makato ndiyo hiyo 356. Sasa angalieni uani kwetu. Uniti 7 kwa siku ni 210 kwa mwezi. Gawanya kwa kaya sita, kila mmoja wetu anatumia 35 tu. Kila kaya ingekuwa na mita yake ingelipa kama 4,300 kwa mwezi. Lakini kwa kuwa mita ni moja, inaona mteja mmoja anayetumia 210, basi tunalipa T1 wote, karibu 12,500 kila kaya. Yaani maskini sita wakichangia mita moja wanahesabiwa kuwa tajiri mmoja. Na ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021 (ilianza elfu moja kwa mwezi, 2023 ikapanda kuwa 1,500), kodi ambayo ni ya mwenye jengo, nani anainunulia umeme? Haya.

Sasa mwenye nyumba yake binafsi, yuko D1 anafurahia uniti za 122, akinunua pikipiki ya umeme? Uniti 177 za betri peke yake kwa mwezi. Anatolewa D1, na si betri tu inayopanda bei, hata taa ya chooni inapanda. Kwenye hesabu ya kuhama petroli iweke na hiyo. Bado utapata faida, lakini usije ukashangaa token imekuwa ndogo ukadhani umeibiwa.

Wenzetu Kenya waliliona hili. Mwaka 2023 walitoa bei maalum ya umeme wa kuchaji vyombo, shilingi 16 za kwao kwa uniti, na usiku wakati watu wamelala inashuka nusu, 8. Maana yake mwenye chombo anavutwa achaji usiku, ambapo mitambo haina kazi nyingi. LUKU yetu ya nyumbani haijui usiku wala mchana. Ukichaji saa moja jioni wakati kila mtu anapika na kuangalia taarifa ya habari, au saa tisa usiku, token inakatwa vilevile. Mi naona hapo ndipo pa kuanzia kabla ya semina za mabadiliko ya tabianchi kwenye hoteli za ufukweni.

Tuje kwenye waya.

Chaja ya pikipiki haitishi. Inavuta kama wati 800 hivi, chini ya pasi nyingi. Waya mzuri unabeba. Gari ni habari nyingine kabisa. Chukua Nissan Leaf za mtumba za Japani, zile za mwanzo zenye betri ya uniti 24. Ukichomeka kwenye soketi ya kawaida ya pini tatu, inavuta ampea 10 kwa saa kumi na moja, kumi na mbili mfululizo. Birika la umeme linavuta karibu sawa na hilo, lakini linachemka dakika tano linazima. Hakuna kitu nyumbani kwako kinachovuta vile usiku kucha. Kiungo kilicholegea ndani ya soketi, ambacho kwa birika hukijui, kwa gari kitapata joto, plastiki italainika, na wewe umelala. Mafundi wetu wa mtaani wengine wanapitisha waya wa milimita 1.5, wa taa, kwenye soketi ili kubana gharama, wakati wa soketi ni 2.5. Nani atakagua, umeshaingia ukutani. Jaribio la bure ni hili: chomeka kitu kizito nusu saa, kisha gusa plagi na ukuta wa soketi kwa mkono. Ukitoa mkono haraka, hiyo soketi haichaji gari.

Ekstensheni usiitaje kabisa. Na wale wanaoletewa gari na waya wake wa Japani, kule umeme ni volti 100 au 200 na plagi zao haziingii kwetu. Fundi atakwambia "bosi hii tunakata tunaweka plagi yetu". Mwambie akuoneshe kwanza kama kile kiboksi kimeandikwa kinabeba volti 230 na kinavuta ampea ngapi. Ule wa ampea 15 ukifungiwa plagi ya 13 utaungua tu, ni swali la lini.

Mwenye hela atafunga chaja ya ukutani ya kilowati 7. Hiyo inataka laini yake peke yake kutoka meni swichi, waya wa milimita 6 na kwenda juu kutegemea umbali, breka yake, na ELCB ya kukata umeme unapovuja. Fundi awe na leseni ya EWURA, si binamu. Lakini kabla ya yote angalia gari lenyewe: Leaf nyingi za mwanzo ndani yake zinapokea kilowati 3.3 tu. Utafunga chaja ya 7, gari litakunywa 3.3, hela nyingine umeipeleka bure dukani.

Halafu kuna hili la kwetu peke yetu, la mawe. Huku Mwanza tunajisifia Rock City, mawe yanapigwa picha, yanawekwa kwenye kalenda. Fundi umeme hayapendi. Erthi ni ile nondo ya shaba inayopigwa ardhini ili umeme ukivuja uende chini badala ya kupita kwako. Inataka udongo, tena wenye unyevunyevu. Igogo, Mabatini, Isamilo, ukigonga futi moja umefika kwenye jabali. Nimeona kwa macho yangu fundi kaipiga nondo ikapinda, akaikata ikabaki kipande kama cha kijiko, akafukia, akalipwa. Kwa macho nyumba ina erthi. Kwa kipimo haina.

Kwa taa na redio unaweza kuishi hivyo miaka na miaka. Chaja za magari nyingi zinapima erthi kwanza, zisipoiona zinawasha taa nyekundu zinagoma. Na ndipo ujanja unapokuja: fundi anachukua waya wa erthi anauunga na nyutro. Taa inakuwa ya kijani, kila mtu anafurahi. Siku nyutro ikikatika huko nje kwenye nguzo, mvua na upepo wa ziwa mnaujua, bodi la gari lote linakuwa na umeme. Mtoto anaenda kuliegemea. Nimeandika hii sentensi nikaisoma mara mbili, naiacha.

Dawa ya jabali ipo. Unachimba mtaro mrefu wa kulala badala ya shimo la kusimama, unalaza shaba tupu, unaunganisha nondo mbili tatu sehemu zenye udongo kama bondeni au karibu na maji ya bafuni yanapomwagika, halafu unapimisha kwa mashine, siyo kwa maneno. Wazee wa kazi wanaweka mkaa na chumvi. Inasaidia, ila chumvi inakula shaba na mvua inaiondoa, kwa hiyo ni kitu cha kurudiarudia. Na kwetu Kanda ya Ziwa radi si hadithi, hiyo erthi utaihitaji hata usipokuwa na gari.

Najua kuna atakayesema "kwanza umeme wenyewe upo?" Swali zuri ila limezeeka kidogo. Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji lilianza na mtambo wa kwanza Februari 2024 na mitambo yote tisa ikakamilika 2025, megawati 2,115. Kuzalisha si kilio kikubwa tena kama ule mgao wa 2023. Kilio ni kusafirisha. Gridi nzima ilizima tarehe 1 Aprili 2024, ikazima tena tarehe 4 Mei. Na Machi 2025 Rais Samia alieleza kwamba mikoa ya kaskazini itanunua umeme kutoka Ethiopia kwa sababu ukitoka mbali kusini mwingi unapotea njiani. Watu walibishana sana, lakini hoja ya kupotea njiani haikosei. Sisi wa ziwani tupo mbali na Rufiji vilevile. Na hata ukifika Mwanza mjini, mtaani kwako kuna transfoma moja, wewe upo nguzo ya mwisho, saa mbili usiku taa ina rangi ya chai. Hapo ndipo mtu anataka kufunga kilowati 7. Kabla ya kununua chaja nenda TANESCO uulize laini yako inabeba nini, na kama unahitaji njia tatu. Ada ya kuunganisha umeme mjini iliyowekwa Januari 2022 ilikuwa 320,960 kwa njia moja, na njia tatu ilizidi laki tisa.

Sasa huyo mwenye laki tisa na geti na parking yupo Capri Point na Kiseke. Sina ugomvi naye. Ninaowafikiria ni wengine, maana vyombo vya umeme vinavyokuja kwa wingi si vya geti. Rwanda tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria Kigali wanasajili za umeme tu. Ethiopia mwaka 2024 ilizuia kuingiza magari ya petroli na dizeli. Wimbi likifika hapa litaanza na bodaboda na bajaji, na bodaboda wanalala vyumba vya kupanga, mlimani, LUKU ya wote.

Na chumba cha kupanga kina jambo moja ambalo mkataba wa pikipiki hausemi. Jirani yangu anachajia betri chini ya kitanda, karibu na mlango, kwa kuogopa wezi. Mlango ni mmoja, dirisha lina nondo. Betri ya lithiamu ikishika moto hauzimi kwa blanketi, na moshi wake ni sumu. Nilimwambia kaka, ihamishie upande wa ndani, njia ya kutokea ibaki wazi, usichaje mmelala. Akaniuliza, "Sasa nichaji saa ngapi?" Sikuwa na jibu zuri.

Jibu pengine lipo ufukweni, na tunalipita kila siku. Wavuvi wa dagaa wa Igombe na Kayenze waliacha karabai, wakaingia kwenye taa za betri. Hawachaji kila mtu kwake. Wengi wanapeleka betri kwa mtu mwenye sola au umeme wa uhakika, wanalipia, jioni wanachukua wanaingia ziwani. Upande wa Kenya, Homa Bay huko, kuna kampuni ya WeTu ina vituo vya sola kando ya ziwa, wavuvi wanakodi taa zilizochajiwa, na pikipiki za umeme nazo zimeingia humohumo. Kampala kuna Zembo, bodaboda anabadilisha betri kituoni, haendi nayo nyumbani kabisa. Kwa mlima kama wetu, hii ina akili kuliko kila chumba kuwa sheli. Lakini bei ya kuchaji pale isiwe ya kumrudisha mtu kwenye petroli, na hilo linategemea tena hiyohiyo bei ya uniti atakayokatwa mwenye kituo.

Uani kwetu tuliamua hivi: ifungwe mita ndogo kwenye chumba cha jamaa, zile za kuhesabu tu, aonekane kala ngapi alipe 356 kwa kila uniti. Yeye akakubali palepale, akatoa na hela ya mita. Mama wa friji akasema basi na yeye afungiwe, ili aibu yake iishe. Tukampigia baba mwenye nyumba kumuomba ruhusa, na nikajitia kumweleza na ile habari ya D1, kwamba kila chumba kikiwa na LUKU yake wote tutalipa nafuu.

Akanisikiliza vizuri tu. Akasema mita ndogo sawa, LUKU za kila chumba sahau, nyumba ni moja. Halafu akasema kuanzia mwezi ujao chumba chenye betri kodi inapanda elfu 20, "kwa sababu ya hatari". Jirani yangu hajajibu. Jana usiku nimemuona anashuka na betri begani, nikamuuliza vipi, akasema anaenda kuuliza bei kwa yule anayechaji betri za wavuvi.

Wadau wa Nyakato, Buhongwa, Bukoba na Musoma, kwenu wapangaji mnakatanaje? Tupieni hesabu zenu hapo chini.